Fundi na Vumbi: Historia ya Saratani ya Kazini, kutoka Mulago hadi Nakivale

Mwaka 1958 mambo mawili yalianza nchini Uganda, kila moja kivyake. Kusini-magharibi, katika nchi ya Ankole, kando ya ziwa liitwalo Nakivale, yalianzishwa makazi ya wakimbizi. Kampala, katika hospitali ya Mulago, daktari mpasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, alichapisha makala kuhusu uvimbe wa taya uliokuwa ukiua watoto wa Kiafrika. Makazi yale yamekuwa miongoni mwa makazi ya wakimbizi yenye umri mrefu kuliko yote barani. Makala ile ilifungua ukurasa mpya katika elimu ya saratani duniani.

Wakati ule mtu wa Nakivale na daktari wa Mulago hawakuwa na la kuambizana. Leo wanalo. Nakivale imejengwa, ikabomoka, ikajengwa tena kwa mikono ya wakazi wake. Mbarara, mji mkubwa ulio jirani, unapanda juu ghorofa kwa ghorofa, na mikono ya wakimbizi imo katika kazi hiyo. Mtu anayechanganya saruji, anayekata vigae na kupaka nguzo oili chafu anavuta na kugusa vitu ambavyo sayansi imevijua kwa muda mrefu kuwa vinaweza kuleta saratani. Makala hii inafuata njia zote mbili, ya wajenzi na ya wataalamu, ili kuona kwa nini zimechelewa hivi kukutana.

Mji wa udongo na mji wa saruji

Makazi ya Nakivale yalitambuliwa rasmi mwaka 1960. Waliofika kwa wingi mwanzoni walikuwa Watutsi waliokimbia machafuko yaliyozuka Rwanda mwezi Novemba 1959. Wengi walidhani watakaa msimu mmoja au miwili. Walikaa zaidi ya miaka 30, wakazaa na kuzika hapo, na wengi wao walirudi kwao baada ya mwaka 1994 tu. Nafasi zao hazikukaa wazi. Wakaja Wanyarwanda wengine, wakaja Wakongomani wa Kivu waliofukuzwa na vita vilivyoanza 1996, wakaja Wasomali, Waethiopia na Waeritrea. Mwaka 2015 yakaja makundi ya Warundi. Leo makazi hayo, yaliyo katika wilaya ya Isingiro ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Mbarara, yana zaidi ya watu 100,000 katika kanda tatu za Base Camp, Juru na Rubondo. Lugha ni nyingi, lakini sokoni, kwenye foleni ya maji na kwenye mjengo, Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wengi.

Mgeni anayepokelewa Nakivale hupewa kipande cha ardhi, turubai na vifaa vichache. Kazi yake ya kwanza Uganda, kabla ya kulima na kabla ya kutafuta shule ya watoto, ni kujenga. Husimamisha miti, hufunga fito, hukanda udongo na kukandika. Baada ya muda, akipata kitu, hufyatua tofali, huezeka mabati, na mwisho hununua mfuko wa saruji wa kusakafia. Hivyo karibu kila mtu hapo amewahi kuwa mjenzi wa lazima, na kutoka miongoni mwao wametokea mafundi wa kweli: waashi, maseremala, wachomeleaji, wapaka rangi. Makanisa, misikiti, maduka na vyumba vya kupanga vya makazi hayo ni kazi yao.

Mbarara nayo ina historia yake ya kujenga upya. Mwishoni mwa Februari 1979, katika vita vya kumwondoa Idi Amin, majeshi ya Tanzania yaliuteka mji huo, na sehemu kubwa ya majengo yake ikabomolewa kwa baruti. Mji uliinuka polepole kutoka kwenye kifusi. Mwaka 1989 ulipata Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, na hospitali ya mji ikawa mahali pa kufundishia madaktari. Tarehe 1 Julai 2020 ukapandishwa hadhi kuwa jiji. Kila hatua ilidai mchanga, kokoto, nondo na watu wa kuvibeba.

Sehemu ya watu hao hutoka Nakivale, kilomita zipatazo 60 kutoka mjini. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kutembea na kufanya kazi, jambo ambalo nchi nyingi zinamnyima. Ni sheria ya kujivunia. Hata hivyo, mtu aliyefika bila vyeti na bila jamaa mjini hupokelewa kwanza na mjengo, kwa sababu mjengo hauulizi cheti. Asubuhi anasimama getini. Foman akimhitaji anapewa koleo. Jioni analipwa. Kesho yake huenda akawa kwenye jengo jingine, kwa tajiri mwingine, na jina lake halikuandikwa popote.

Swali la Ramazzini

Kwamba kazi inaweza kumwua mtu taratibu si habari mpya. Mwaka 1700, huko Modena nchini Italia, daktari Bernardino Ramazzini alichapa kitabu kizima kuhusu magonjwa ya mafundi. Aliwasihi madaktari wenzake waongeze swali moja kwa kila mgonjwa: unafanya kazi gani? Aliwaandikia habari za wachonga mawe waliokohoa kwa vumbi la patasi zao, na wengine wengi ambao watu wakubwa wa wakati ule hawakuwaona.

Mwaka 1775 mpasuaji wa London, Percivall Pott, aliliunganisha swali hilo na saratani. Aliona kwamba wasafisha dohani wa mji huo walikuwa wakipata saratani ya ngozi ya mfuko wa korodani. Wengi walianza kazi wakiwa watoto, wakipanda ndani ya mabomba membamba ya moshi, masizi yakijikusanya kwenye mikunjo ya ngozi kwa miaka. Ugonjwa ulijitokeza baadaye, wakiwa watu wazima. Pott hakujua ni kemikali gani iliyomo katika masizi. Ilichukua zaidi ya miaka 150 kwa wanakemia kuitambua. Lakini kuokoa watu hakukungoja jibu hilo. Mwaka 1892 mpasuaji mwingine wa Uingereza, Henry Butlin, alitafuta sababu ya ugonjwa huo kuwa nadra kwa wasafisha dohani wa bara la Ulaya. Alikuta kwamba wenzao wa huko walivaa nguo za kubana zinazozuia masizi na walioga kila siku. Nguo na maji vilikuwa vimefanya kazi ambayo dawa haikuweza kuifanya.

Karne ya 20 ilileta mafunzo mazito zaidi, na mengi yalitoka kwa wajenzi. Mwaka 1930 na 1931, katika jimbo la West Virginia nchini Marekani, kampuni zilichimba handaki la maji kupitia mlima wa Gauley uliojaa silika. Miamba ilitobolewa kwa mashine kavu, bila maji ya kutuliza vumbi. Wafanyakazi wengi walikuwa Wamarekani weusi waliotoka majimbo ya kusini kutafuta kibarua. Mamia walikufa kwa mapafu yaliyogeuka makovu, baadhi yao katika muda wa miezi tu. Wengi walikuwa wameshaondoka kurudi makwao wakiwa wagonjwa, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuwahesabu wote. Mjenzi anayehamahama ana hatari hiyo ya pili: akiugua, kazi iliyomletea ugonjwa haionekani tena.

Mwaka 1960 madaktari watatu wa Afrika Kusini, J. C. Wagner, C. A. Sleggs na Paul Marchand, walieleza habari za wagonjwa 33 wa mesotelioma, saratani adimu ya utando unaozunguka mapafu. Karibu wote walikuwa na uhusiano na asbesto ya migodi ya Rasi ya Kaskazini, na baadhi hawakuwahi kuchimba. Waliishi jirani tu au walicheza karibu na vifusi utotoni. Mwaka 1964 daktari Irving Selikoff wa New York alifuatilia habari za wafanyakazi 632 wa ujenzi waliokuwa wakifunga mabomba na kuta kwa asbesto. Kwa hesabu ya kawaida ya watu wa rika lao, alitazamia vifo 6 au 7 vya saratani ya mapafu na utando wake. Alikuta 45. Mwaka uliofuata, Muriel Newhouse na Hilda Thompson walionyesha London kwamba hata wake waliofua nguo za kazi za waume zao walikuwa wakipata mesotelioma. Vumbi lilikuwa limerudi nyumbani ndani ya shati.

Mulago ilipokuwa darasa la dunia

Miaka hiyohiyo Kampala ilikuwa miongoni mwa vituo vinavyosikilizwa sana duniani katika habari za saratani. Kampala ilikuwa na daftari la wagonjwa wa saratani tangu miaka ya 1950, wakati sehemu kubwa ya Afrika haikuwa nalo. Mwaka 1961 Burkitt na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu na kusafiri maili 10,000 hivi kutoka Uganda hadi Afrika Kusini na kurudi, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine kuuliza kama uvimbe ule wa taya umeonekana. Ramani waliyoichora ilionyesha kwamba ugonjwa unafuata joto na mvua, na kwamba nyanda za juu zenye baridi hazinao. Mwaka 1964 huko London, Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong walikuta kirusi ndani ya chembe za uvimbe uliotoka kwa mgonjwa wa Uganda. Kilikuwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Mwaka 1967 kilifunguliwa Mulago kituo cha kutibu limfoma, kilichokuja kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Hapo ilithibitika kwamba dawa peke yake zinaweza kumponya mtoto mwenye uvimbe wa Burkitt. Wageni walipoondoka katika miaka ya Amin, daktari Mganda Charles Olweny aliushika uongozi na kuilinda kazi hiyo isife. Ni historia ambayo Mwafrika Mashariki anastahili kuijua na kuisimulia kwa watoto.

Lakini utafiti hufuata ugonjwa unaoonekana, na ulioonekana Mulago ulikuwa wa watoto, wa virusi, baadaye saratani ya Kaposi. Hata hivyo kulikuwa na jambo moja lililomgusa mfanyakazi moja kwa moja. Madaktari wa miaka ya 1950 na 1960 waliona saratani nyingi za ngozi zilizoota mguuni, juu ya makovu ya madonda ndugu yaliyokaa miaka bila kupona. Mkulima au kibarua aliyejikata akapuuza jeraha, likaoza, likafunga, likafunguka tena, hatimaye likageuka kitu kingine. Kupungua kwa madonda hayo hakukuhitaji mashine kubwa. Kulihitaji viatu, maji safi na dawa ya kidonda kwa wakati.

Saratani za vumbi zilibaki pembeni. Uganda haikuwa na viwanda vingi, wajenzi walikuwa wachache, na wengi walikufa kwa mambo mengine kabla vumbi halijamaliza kazi yake. Sasa watu wanaishi zaidi, wanajenga zaidi, na wanatumia mashine zinazosaga jiwe kuwa unga.

Ndani ya vumbi

Tazama kigae kimoja kinavyokatwa. Fundi anachuchumaa, anakishika kigae kwa mguu, anawasha grainda. Mlio unatoka, na papo hapo wingu jeupe linapanda usoni pake. Vumbi zito linatua kwenye nyusi na mabegani, na hilo analiona, analifuta. Lile jembamba, ambalo jicho haliwezi kuliona, linabaki hewani kwa muda mrefu baada ya mashine kuzimwa, na linafika hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu. Humo mna silika, madini yaliyomo katika mchanga, kokoto, zege, tofali na vigae. Mapafu hayawezi kuiyeyusha. Yanaizungushia kovu, kovu linakua, pumzi inapungua. Huo ndio ugonjwa wa silikosisi. Mwaka 1997 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao Lyon nchini Ufaransa, liliitangaza silika ya aina hiyo kuwa kisababishi kilichothibitishwa cha saratani ya mapafu kwa wanaoivuta kazini.

Saruji yenyewe ina lawama tofauti. Ikilowana huunguza ngozi na kuleta ukurutu wa mikono ambao kila mwashi anaujua. Vumbi la silika hutoka zaidi kwenye mchanga na mawe, na huzidi pale zege lililokauka linapokatwa, kutobolewa, kusuguliwa au kufagiwa. Mwanamke anayeitwa jioni kufagia sakafu kwa ufagio mkavu huenda akavuta vumbi jingi kuliko mwashi aliyeijenga.

Kisha kuna oili chafu. Katika vijiji na miji yetu yote, nguzo ya mti hupakwa oili iliyotolewa kwenye injini ili mchwa wasiile, na mbao za kumwagia zege hupakwa ili zisigande. Kibarua huchovya tambara kwenye debe, hupaka kwa mkono mtupu, hujifuta kwenye suruali, na suruali hiyo huivaa wiki nzima. Shirika hilohilo la Lyon limeyaweka mafuta ya madini yasiyosafishwa vya kutosha kwenye kundi la visababishi vilivyothibitishwa, na oili ya injini, kadiri inavyotumika, huzidi kukusanya kemikali za jamii ileile ya masizi. Wafanyakazi wa viwanda vya pamba vya Lancashire, ambao suruali zao zililoa mafuta ya mashine, walipata saratani ileile ambayo Pott aliiona kwa wasafisha dohani.

Orodha inaendelea. Kazi ya kupaka rangi ilitajwa na shirika hilo mwaka 1989, mionzi ya jua mwaka 1992, vumbi la mbao mwaka 1995, moshi wa dizeli mwaka 2012 na moshi wa kuchomelea vyuma mwaka 2017. Ngozi nyeusi ina kinga kubwa dhidi ya jua, lakini mwenye ualbino hana kinga hiyo. Kwake siku moja juu ya paa bila kofia wala mikono mirefu ni madhara ya kweli.

Asbesto haina budi kutajwa peke yake. Katikati ya karne iliyopita shule, hospitali na nyumba za watumishi zilizojengwa na serikali kote Afrika Mashariki ziliezekwa mabati yake ya kijivu, mazito, yenye mawimbi. Yakiachwa mazima juu ya paa hatari yake ni ndogo. Hatari huja siku ya kubomoa, yanapopigwa nyundo, kukatwa msumeno au kurushwa chini. Uganda iliridhia mwaka 1990 mkataba wa Shirika la Kazi Duniani unaotaka wafanyakazi walindwe dhidi ya asbesto, Kenya iliipiga marufuku mwaka 2006, na Rwanda imekuwa ikiyashusha mapaa hayo kwa mpango maalumu wa taifa. Anayepanda kuyashusha ni kibarua, na mara nyingi hakuna aliyemwambia anashika nini.

Kwa nini fundi hajaambiwa

Sababu ya kwanza ni muda. Saratani ya kazini huchukua miaka 10, 20, hata 40 kati ya vumbi na uvimbe. Mtu akianguka kutoka jukwaani, mjengo mzima unajua kilichomwua. Akianza kukohoa damu akiwa na miaka 55, amekwisha kupita majengo mengi na pengine nchi mbili tatu, na watu wanasema ni umri, ni sigara, au ni mkono wa mtu.

Sigara yenyewe haiwi kando. Moshi wa tumbaku na vumbi la asbesto vikikutana katika pafu moja, madhara hayajumlishwi, yanazidishwa. Selikoff na wenzake walilionyesha hilo mwaka 1968. Uganda ina sheria ya kudhibiti tumbaku tangu mwaka 2015, na mjengo ni mahali ambapo sheria hiyo ina kazi kubwa ya kufanya.

Sababu ya pili ni kifua kikuu. Silika hudhoofisha mapafu na kumfanya mtu apate kifua kikuu kwa urahisi zaidi, na dalili za silikosisi, kifua kikuu na saratani ya mapafu zinafanana: kikohozi kisichokoma, kukonda, kubanwa na pumzi. Mgonjwa anaweza kupewa dawa za kifua kikuu kwa muda mrefu kabla mtu hajafikiri jingine. Swali la Ramazzini lingesaidia hapo. Lakini foleni ya kituo cha afya ni ndefu, na muuguzi huuliza jina, umri na kijiji, halafu anamwita anayefuata.

Sababu ya tatu ni imani iliyoenea Afrika Mashariki yote, kwamba maziwa husafisha vumbi. Mbarara ni kitovu cha nchi ya ng'ombe wa Ankole, na maziwa hayakosekani. Baada ya kupakua saruji, mtu anakunywa kikombe na kujiona amekwisha kujitibu. Maziwa ni chakula chema, hasa kwa mtu anayefanya kazi nzito. Lakini yanapita njia ya chakula kwenda tumboni. Vumbi lilipita njia ya hewa kwenda mapafuni. Maziwa na vumbi havikutani.

Sababu ya nne ni umaskini wenyewe. Kibarua anayelipwa jioni ana hesabu ya leo: unga, mkaa, ada. Ukimwambia kwamba baada ya miaka 20 huenda akaugua, anakusikia, lakini watoto wake wanakula leo. Asidharauliwe kwa hilo, kwa kuwa mwenye nafasi ya kulipunguza vumbi ni yule anayemlipa. Tena maonyo yanapobandikwa, mara nyingi huwa kwa Kiingereza, mbele ya mtu anayejua Kiswahili cha Goma, Kirundi au Kisomali.

Sheria, mashine na safari

Mwaka uleule wa 2006 Bunge la Uganda lilipopitisha Sheria ya Wakimbizi, lilipitisha pia Sheria ya Usalama na Afya Kazini. Inamtaka mwajiri apunguze hatari kwenye chanzo chake, amweleze mfanyakazi hatari iliyopo, na ampe vifaa vya kujikinga bila kumkata hata shilingi. Haiulizi mfanyakazi huyo ni raia au mkimbizi. Kwenye karatasi, kibarua wa Nakivale anayebeba zege Mbarara analindwa na sheria mbili kwa pamoja. Kwenye mjengo wa mtu binafsi, usio na bango wala mkataba, mkaguzi hafiki, na sheria zote mbili hazijasomwa.

Akiugua, safari ni ndefu. Kutoka kituo cha afya cha makazi anapelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbarara, na mara nyingi kutoka hapo hadi Taasisi ya Saratani Kampala, kilomita zipatazo 270 zaidi. Uganda nzima ilitegemea mashine moja ya tiba ya mionzi iliyosimikwa Mulago mwaka 1995. Mwezi Machi 2016 ikaharibika kabisa, na wagonjwa wakabaki wakingoja hadi mashine mpya ilipozinduliwa Januari 2018. Baadhi yao walipelekwa Nairobi. Tangu hapo huduma zimeongezeka, na Mbarara imewekwa katika mpango wa vituo vya saratani vya mikoa. Bado makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalionyesha wagonjwa wapya wapatao 34,000 nchini Uganda na vifo karibu 23,000. Nchi ambayo zaidi ya nusu ya wagonjwa wake hufa haiwezi kutegemea tiba peke yake.

La kufanya mjengoni

Historia hii yote, kutoka dohani za London hadi madonda ndugu ya Mulago, inarudia fundisho moja: saratani ya kazini ilipungua pale vumbi na uchafu vilipozuiwa kumfikia mtu, na mara nyingi vitu vilivyotumika vilikuwa vya bei ndogo. Kwa hiyo maneno haya ya mwisho ni kwa wenye majengo, mafoman, mafundi na viongozi wa makazi.

Mwagia maji kigae, zege na tofali kabla na wakati wa kukata. Pale Nakivale maji hubebwa kwa madumu na yana thamani, lakini dumu moja linatosha kutuliza vumbi la kazi nyingi. Usifagie sakafu kavu, nyunyiza kwanza. Wanaokata wasimame upande upepo unakotoka, na wasio na kazi hapo wakae mbali. Kitambaa cha mdomoni hakizuii vumbi la silika. Barakoa inayofaa ni ile iliyotengenezwa kwa vumbi jembamba, na anayepaswa kuinunua kisheria ni mwajiri. Oili chafu isipakwe kwa mkono mtupu, na suruali iliyolowa oili ibadilishwe siku hiyohiyo. Bati la kijivu la zamani lisivunjwe kabla ya kumwuliza anayelijua. Likibidi kushushwa, lilowanishwe, lifunguliwe zima na lifukiwe mahali palipokubaliwa. Nguo za kazi zisiingie ndani wanamolala watoto. Jeraha la mguu lioshwe na litibiwe leo.

Wahudumu wa afya wa Isingiro na Mbarara, andikeni kazi ya mgonjwa kwenye kadi yake, hata kama ni neno moja tu: mwashi, mpaka rangi, seremala. Kikohozi cha mwashi kisichopona kwa wiki mbili kinastahili kipimo cha makohozi, na makohozi yakikutwa bila vijidudu vya kifua kikuu, kinastahili picha ya mapafu. Na elimu hii itolewe kwa Kiswahili, kwa sauti, mjengoni, asubuhi kabla ya koleo la kwanza. Wakimbizi waliijenga Nakivale na sasa wanasaidia kuijenga Mbarara; kuwaambia ukweli kuhusu vumbi wanalolivuta ni deni, na deni hilo limekwisha kuchelewa.